Gunia la Baiti 128

Pua ndiyo inayokwambia umefika Mwaloni. Harufu ya dagaa inakupokea hapo Kirumba, Mwanza, kabla hujasikia makelele ya wapakiaji, kabla hujaona malori ya mzigo wa Kongo na Burundi, kabla hata ziwa lenyewe halijaonekana. Nimekulia jirani na soko lile na bado sijaizoea, ingawa nikiwa na wageni huwa najifanya siisikii.

Kwa hiyo siku ile harufu hiyo ilipopanda ngazi hadi kwenye kiofisi changu, karibu na Makoroboi, nilijua mgeni ametoka wapi kabla mlango haujagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa kompyuta za zamani?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mimi natengeneza printa, napiga Windows, nakausha simu zilizotumbukia majini. Lakini wiki chache kabla nilikuwa nimemtolea mtu picha za harusi kwenye CD iliyochunika, na mjini kwetu sifa haichelewi. Nikaitika kwamba ndiye mimi.

Akafungua fundo la khanga. Mahali ambapo wamama wa rika lake hufunga noti zilitoka flopi tatu, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili.

"Humu mna biashara yangu ya miaka mitano," akasema. "Kuanzia tisini na sita mpaka elfu mbili na moja. Nataka uitoe. Kuna mtu nataka nimfunge mdomo."

Sikuuliza ni nani. Mwaloni kila mwenye stoo ana mtu wa kumfunga mdomo.

Nilichoelewa ni hiki. Zamani, mtoto wa jirani yake aliyekuwa chuoni alirudi likizo na kompyuta, akamwandikia programu ya kurekodi mizigo ya dagaa inayoingia stoo: tarehe, chombo kilicholeta, magunia mangapi, uzito. Baadaye kijana akaenda zake Dar es Salaam, kompyuta ikafa, na msimbo wa programu ukapotelea hukohuko alikokwenda. Zilibaki flopi. Nina kisomeo cha flopi cha kuchomeka USB, nilikinunua kwa kukitamani tu na mke wangu hunicheka nacho. Flopi mbili zilikwaruza na kunyamaza. Ya tatu ilifunguka. Juu ya lebo yake kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi uliofifia, "TP7", na ndani yake faili moja tu: MZIGO.DAT.

TP7 ni Turbo Pascal 7, ya mwaka 1992, zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Pascal ndiyo lugha ya kwanza niliyofundishwa, na ingawa siku hizi ukiitaja mbele ya vijana wanakuangalia kama umetaja karabai, bado inakompailiwa, yaani inageuzwa kuwa programu, vizuri tu kwa kompaila ya Free Pascal kwenye laptop yoyote.

Swali la kwanza kwa faili usilolijua ni ukubwa wake. Hapo ndipo siku zangu nne zilipoanzia.

Nilitazama kwanza kwa macho. Windows, kwenye orodha ya mafaili, iliniambia kilobaiti 292 (kilobaiti moja ni baiti 1,024). Nikafungua sifa za faili, ikasema kilobaiti 291, na pembeni yake baiti 298,400. Chini yake ikaongeza kwamba kwenye diski faili linakalia baiti 299,008. Kwenye flopi faili hilohilo lilikuwa likikalia 298,496. Kwa asiyezoea inaonekana kama kompyuta imelewa, ila kila namba ina sababu yake. Orodha inapandisha kilobaiti juu, sifa zinashusha chini. Nafasi ya diski nayo inagawiwa kwa vipande vizima, kama fremu za stoo: ukiwa na magunia matatu au thelathini, unalipia chumba kizima. Kwenye laptop yangu chumba ni baiti 4,096, kwa hiyo faili limechukua vyumba 73, na cha mwisho hakijajaa. Kwenye flopi chumba ni baiti 512.

Kwa hiyo ukubwa halisi ulikuwa 298,400. Lakini programu ya kusoma mzigo lazima ijue yenyewe faili linaishia wapi, haiwezi kunisubiri niitazamie kwenye dirisha. Nikaandika:

var f: file;
begin
  assign(f, 'MZIGO.DAT');
  reset(f);
  writeln(filesize(f));
  close(f);
end.

Ikagoma. Runtime error 5. Kwa tahadhari nilikuwa nimelifunga faili lisiweze kuandikwa, maana kumharibia mama wa Mwaloni kumbukumbu zake ni jambo ambalo usingependa likukute. Na Pascal ina tabia ambayo nilikuwa nimeshaisahau: ukisema reset kwenye faili la namna hii, haifungui kwa kusoma tu, inafungua kwa kusoma na kuandika pamoja, na mfumo ukikataa kuandikwa inakataa vyote. Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya reset, filemode := 0, yaani fungua kwa kusoma tu. Nikauweka.

Safari hii ilijibu: 2331.

Nilikaa kimya nikaitazama. 298,400 imekuwaje 2,331? Ukweli nilikuwa naujua, nilishafundishwa, ila kichwa kilikuwa kimetupa. Katika Pascal, filesize haihesabu baiti. Inahesabu vipande vilivyomo ndani ya faili, na ukubwa wa kipande ni ule uliotamka ulipokuwa unafungua. Usipotamka, Pascal inachukua kipimo chake yenyewe, na kipimo hicho ni baiti 128. Zidisha 2,331 kwa 128, utapata 298,368. Baiti 32 zilizobaki hazijai kipande, kwa hiyo hazihesabiwi wala husikii lolote juu yake. Zimeachwa chini ya mizani kama dagaa wanaomwagika wakati wa kupima.

Kwa nini 128 na si mia, au elfu? Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Turbo Pascal ilitolewa na kampuni ya Borland mwaka 1983, kompaila yake ikiwa kazi ya Mdenmark, Anders Hejlsberg. Wakati huo DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa bado changa, na toleo la kwanza lilitakiwa liende pia kwenye CP/M, mfumo ulioandikwa na Gary Kildall mwaka 1974. CP/M ilikulia kwenye flopi pana za inchi nane. Flopi ile ilikuwa na njia 77, kila njia vipande 26, kila kipande baiti 128, jumla baiti 256,256. Sasa CP/M haikuandika popote kwamba faili fulani lina baiti ngapi. Iliandika lina vipande vingapi. Barua yako ikiwa na herufi 130, mfumo ulijua vipande viwili, basi. Ili msomaji ajue maandishi yameishia wapi ndani ya kipande cha pili, iliwekwa alama namba 26 mwisho wa maneno, na kinachofuata baada yake ni uchafu. CP/M imekufa, flopi za inchi nane sijawahi hata kuzishika, lakini kipimo chao kimerithiwa hadi kwenye laptop yangu Mwanza. Ndiyo sababu reset tupu bado inapima kwa 128.

Ukikaa Mwaloni jambo hili halikushangazi hata kidogo. Dagaa pale wanauzwa kwa kisado, ambacho ni kopo la rangi la lita nne, kwa ndoo, kwa debe, kwa gunia. Hakuna anayeuliza "dagaa ni kiasi gani?" akategemea jibu moja. Na gunia lenyewe si gunia. Kuna gunia, halafu kuna lumbesa, lile lililoshindiliwa na kuvikwa kilemba cha wavu juu mpaka mbebaji anatembea kama mwenye kiharusi. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa miaka nenda rudi, na bado mkulima na mvuvi wanauza gunia moja huku mnunuzi akiondoka na moja na nusu. Mtu akikwambia "nilileta magunia kumi", bado hujaambiwa kitu.

Filesize ni hivyohivyo. Nikabadilisha mstari mmoja, reset(f, 1), yaani kipande kimoja ni baiti moja, na ikanipa 298400.

(Kwa mafaili ya maandishi, yale ya aina ya text, filesize haikubali kabisa, kompaila inakurudisha mlangoni. Wanaolalamika juu ya hilo siwaelewi. Mistari ya maandishi hailingani urefu, sasa ihesabu vipande vipi? Ukitaka baiti zake, lifungue kama faili la baiti, au muulize mfumo kwa amri ya findfirst bila kulifungua. Na kwenye Turbo Pascal ya zamani jibu lilirudi kama longint, namba nzima ya biti 32, ambayo inaishia 2,147,483,647. Video moja ya kamera ya ulinzi ya siku hizi inaipita bila jasho. Free Pascal inarudisha namba ya biti 64, kwa hiyo hilo halikunihusu.)

Nina baiti 298,400 na sijui rekodi moja, yaani mzigo mmoja, ina baiti ngapi. Nikampigia simu mama.

"Mama, ulikuwa unatoa risiti zenye namba?"

"Sasa ningefanyaje biashara bila namba?"

"Ya mwisho kabla kompyuta haijafa ilikuwa ngapi?"

Akasema nisubiri. Nilisikia kabati likifunguliwa, kitu kikaanguka, mjukuu akagombezwa. Akarudi na daftari. "Elfu tano mia tisa sitini na nane."

298,400 gawa kwa 5,968. Nilitumia kalkuleta ya simu, na ilipoonyesha 50 kavu, bila nukta, niliinuka kwenye kiti. Rekodi moja ni baiti 50. Programu haikuwa na msimbo, mwandishi wake hajulikani alipo, lakini ukubwa wa faili na daftari lenye mafuta ya samaki vilikuwa vimenipa umbo lake.

Kilichobaki ni kuangalia ndani. Nikalifungua kwa kionyeshi cha heksa, kinachoonyesha kila baiti kwa namba za msingi wa kumi na sita, nikapanga baiti hamsini hamsini, na kila mstari ulianza na 08. Hiyo ni Pascal tupu: tungo zake fupi, yaani vipande vya maandishi, hubeba urefu wao kwenye baiti ya kwanza. Nane, halafu herufi nane, "14/07/96". Tarehe, jumla baiti tisa. (Mwaka kwa tarakimu mbili, ndiyo. Mwaka 2000 ulifika, ukapita, dagaa hawakujali.) Kisha jina la chombo, baiti 31: moja ya urefu na thelathini za herufi. Hapa palinichukua muda mrefu, si kwa ugumu bali kwa utamu. Jina fupi likiandikwa juu ya refu, Pascal inabadilisha urefu na herufi za mwanzo tu, mkia wa jina lililopita unabaki palepale. Sehemu moja nilikuta SUBIRAMKUBWA. Urefu ulisema sita, kwa hiyo chombo ni SUBIRA, lakini nyuma yake unamwona MUNGU MKUBWA aliyerekodiwa kabla yake. Nilijikuta nasoma foleni ya mitumbwi ya asubuhi ile kwa mikia yake, nani alitia nanga akimfuata nani.

Baada ya jina, baiti mbili za idadi ya magunia, ndogo ikitangulia. Halafu baiti sita, kisha herufi moja ambayo siku zote ni L au D, kisha baiti moja yenye namba kuanzia 1 hadi 13. Hiyo ya mwisho ilinisumbua usiku mzima. Miezi ni kumi na miwili! Asubuhi nikapita gatini, nikaona vyombo vimelala, taa zake zimewekwa pembeni, nikakumbuka ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa taa haimdanganyi mtu, wavuvi wanapumzika. Yule kijana alikuwa amerekodi giza la ngapi katika mwaka. Mwaka unaweza kubeba giza kumi na tatu. Nilimvulia kofia.

Zile baiti sita zilikuwa uzito wa gunia kwa wastani, na hapo niliaibika. Niliona baiti ya kwanza ni 87, nikasema hewaa, kilo 87. Mstari wa pili 87. Wa tatu 87. Nikaanza kumwamini mama kwamba mizani yake haitikisiki, mpaka nilipokuta kurasa nzima za 87. Hakuna stoo duniani yenye magunia yanayolingana hivyo. Nikarudi kwenye maarifa ya zamani: Turbo Pascal ilikuwa na namba ya desimali yake yenyewe, real ya baiti sita, ambayo hakuna anayeitumia tena. Baiti ya kwanza si kilo, ni kipeo cha mbili kilichoongezwa 129. Hiyo 87 ni ya heksa, yaani 135 kwa hesabu yetu, na 135 toa 129 ni 6. Maana yake ni kwamba namba ipo kati ya 64 na 128, basi. Magunia yote ya kilo 64 mpaka 127 yanaanza na 87. Kilo zenyewe zimejificha kwenye baiti zinazofuata, kubwa ikiwa ya mwisho.

Nikaandika rekodi yangu kwenye Free Pascal, packed ili kompaila isipachike nafasi za kupumulia katikati, uzito nikauita real kama alivyouita yeye. Nikafungua faili kama faili la rekodi hizo, nikauliza filesize.

5738.

Mizigo 230 haipo! Nilihesabu upya risiti, nikadhani flopi imekatika mwisho, nikataka hata kumpigia mama nimuulize kama anaona vizuri bila miwani. Kosa lilikuwa langu. Real ya Free Pascal ni baiti nane, si sita. Rekodi yangu ilikuwa imevimba hadi baiti 52, na 298,400 gawa kwa 52 ni 5,738 na chenji. Tena kila rekodi ilikuwa ikisogea baiti mbili mbele ya ile iliyotangulia, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa na tarehe safi na jina safi, ya pili takataka, takataka, takataka, mpaka ya 26 ambapo mikengeuko ilitimia hamsini na tarehe na jina vikakaa sawa tena. Kama ningeonja ya kwanza na ya 26 tu, ningesema programu yangu ya kusoma ni nzima.

Nikabadilisha uzito kuwa baiti sita tupu, array[0..5] of byte. Filesize ikasema 5968, namba ileile ya daftari, na kuzigeuza zile sita kuwa namba ya kisasa Free Pascal inayo kazi yake tayari, real2double. Zote zikamwagika kwenye Excel.

Mama alikuja siku iliyofuata, akavaa miwani, akaketi mbele ya skrini. Ndipo akanieleza. Kuna mzee wa Nansio, kule Ukerewe, waliyefanya naye biashara zamani. Wamekutana msibani, mzee akamtania mbele za watu kwamba mwaka wa El Niño alimletea magunia matatu na hajalipwa mpaka leo. Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Nilimlipa," akasema. "Tafuta. Chombo chake kiliitwa Subira."

Kumbe ni yule mwenye mkia wa Mkubwa. Nikachuja. Subira ilikuwa na mizigo mingi, karibu yote L, ambayo sasa nilijua ni "amelipwa". Mwaka 1998, tarehe 27 mwezi wa tatu, giza la tatu: magunia 3, wastani wa kilo 87.5, na mbele yake herufi D.

Alisogeza kichwa karibu na skrini. "Hiyo namba hujaikosea? Si ulisema zilikuwa zinasogea?"

Nikamfungulia heksa, nikamwonyesha baiti yenyewe, 44, ambayo ndiyo D. Nikamwonyesha risiti ya mzigo huo kwenye daftari lake, ambako palikuwa na mwandiko wake mwenyewe na pale pa kuweka sahihi ya aliyepokea fedha pakiwa peupe. Akavua miwani akaifuta kwa khanga, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Kilo themanini na saba na nusu," akasema mwishowe. "Hizo zilikuwa lumbesa. Nikimpelekea magunia matatu ya siku hizi atasema nimempunja. Hesabu kwa kilo."

Nikahesabu: 262.5.

Akazinakili nyuma ya daftari, akasimama, akafunga flopi zake kwenye fundo la khanga, zote tatu, hata zile zilizokufa. Mlangoni akageuka.

"Na wewe mwanangu nikulipeje? Kwa siku au kwa faili?"

Nikasema kwa faili. Bado najuta.